Kupima Vifo na Mzigo wa Magonjwa

Ili serikali ijue wapi ijenge zahanati na wapi ipeleke dawa, lazima ipime afya ya wananchi kwa takwimu. Mada hii inaeleza vipimo viwili: kiwango cha vifo na mzigo wa magonjwa.

1. Kiwango cha vifo
Kiwango ghafi cha vifo ni idadi ya vifo vya mwaka kwa kila watu 1,000:

Vifo vya mwaka ÷ idadi ya watu × 1,000

Kwa watoto, hesabu hufanywa kwa kila vizazi hai 1,000. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionesha kuwa Tanzania watoto 43 kati ya vizazi hai 1,000 hufa kabla ya kutimiza miaka 5. Utafiti wa 2015/16 ulionesha 67.

Zingatia: Kiwango ghafi cha Japani ni kikubwa kuliko cha Tanzania. Sababu si afya mbaya, bali wingi wa wazee. Usilinganishe nchi bila kuangalia umri wa watu wake.

2. Ugumu wa kuhesabu
Vijijini watu wengi hufia nyumbani. Familia ya wafugaji inayohama na mifugo huko Ngorongoro inaweza isiandikishe kifo kabisa. Njia mojawapo ya kuziba pengo hilo ni kuwahoji ndugu kuhusu dalili za marehemu, kisha madaktari wakakadiria chanzo cha kifo. Mradi wa AMMP, ulioanza mwaka 1992, uliitumia njia hii Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini.

3. Mzigo wa magonjwa
Yapo magonjwa yasiyoua lakini yanayoharibu maisha. Mfano ni trakoma (vikope), ambayo imewasumbua wafugaji wa Ngorongoro kwa muda mrefu. Huenezwa kwa mikono, vitambaa na nzi, hasa penye uhaba wa maji. Mtu akiambukizwa mara nyingi, kope hugeukia ndani, hukwaruza jicho na mwishowe hupofuka. Wanawake huathirika zaidi kwa sababu ndio walezi wa watoto wadogo.

Kwa ajili hiyo hutumika kipimo cha DALY, kilichotumiwa na Benki ya Dunia katika ripoti yake ya mwaka 1993:

DALY = miaka iliyopotea kwa kufa mapema + (miaka ya kuishi na ugonjwa × uzito wa ulemavu)

Uzito wa ulemavu huanzia 0 (afya kamili) hadi 1 (sawa na kifo).

Mfano wa kubuni: Katika kijiji kimoja, mtoto wa miaka 5 amekufa kwa malaria, ilhali angetarajiwa kuishi hadi miaka 65. Wanawake 10 wamepofuka wakiwa na miaka 40 na wataishi hadi miaka 70. Chukulia uzito wa upofu ni 0.2.
Malaria: 65 − 5 = DALY 60
Trakoma: 10 × 30 × 0.2 = DALY 60

Mizigo inalingana. Lakini daftari la vifo lingeonesha kifo 1 cha malaria na sifuri kwa trakoma, na wanawake wale 10 wasingepangiwa chochote kwenye bajeti.

Jipime
(a) Wilayani Karatu, chukulia kata yenye watu 20,000 imepata vifo 120 kwa mwaka. Kokotoa kiwango ghafi cha vifo. (Jibu: 6 kwa kila watu 1,000)
(b) Kwa nini daftari la vifo pekee halitoshi kupanga huduma za afya Ngorongoro? Toa hoja mbili.