Ukumbi na Uufuate Mji

Skuli inayofundisha udi, kanuni, ngoma na maigizo haikamiliki bila ya ukumbi. Mwanafunzi huweza kufundishwa nota darasani, lakini kusimama mbele ya watu hujifunzwa mbele ya watu. Kwa hiyo rai ya kuzipatia kumbi skuli za sanaa zilizomo ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar tunaiunga mkono bila ya kusita. Tunalotaka kulikumbusha ni kwamba ukumbi uliobuniwa vibaya katika pahala pa historia ni hasara mara mbili: skuli hukosa ukumbi, na mji hupoteza sura yake.

Mji wetu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Mwaka 2002 Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi kikafunguliwa katika jengo la zamani la Forodha, Mizingani, na ikadhihirika kwamba nyumba kongwe yaweza kuwa skuli ya sanaa pasi na kugeuzwa umbo lake.

Hata hivyo, darasa si ukumbi. Vyumba vya nyumba zetu za mawe ni vyembamba, na sababu yake ni boriti za mikandaa, ambazo huchukua upana wa kiasi cha mita 3 tu. Ukumbi wa watu 200 unahitaji upana mara tatu au nne ya huo. Hapo ndipo hutokea kishawishi cha kuvunja kuta za ndani na kumimina zege juu ya mawe ya matumbawe. Kishawishi hicho kikataliwe. Kuta zile zimejengwa kwa mawe, udongo na chokaa, nazo hupumua. Saruji huziziba, unyevu na chumvi vikabaki ndani na kuzila taratibu. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020 ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Msiba ule unatosha kutufundisha kwamba nyumba ya umri huo haiguswi kwa kukisia.

Jawabu tunalo wenyewe, nalo ni ua. Wazee walijenga nyumba kuuzunguka ua ili upepo na mwanga vipite. Ua huo huo, ukiwekewa jukwaa la mbao na paa jepesi linalosimama juu ya nguzo zake lenyewe, huwa ukumbi, na kuta kongwe hazitwishwi mzigo wowote. Ngome Kongwe ni shahidi: tamasha la Sauti za Busara lilianza kufanyika humo mwaka 2004, na kuta za ngome zenyewe ndizo kuta za ukumbi. Na pale penye kiwanja kitupu ndani ya uzio wa skuli, jengo jipya lijengwe, lakini lisiwapite majirani zake kwa kimo, wala lisijifanye la kale kwa kubandikwa mlango wa nakshi.

Kuna na suala la sauti. Udi hutaka utulivu, ngoma hutaka nafasi, na ukuta mgumu hurudisha mwangwi hata maneno ya mwigizaji yasisikike. Mbao, mapazia na mikeka hupunguza mwangwi huo. Aidha, dirisha linaloleta upepo ndilo linalotoa kelele kwa jirani, na katika mji huu jirani ni nyumba ya mtu au msikiti. Basi jukwaa lielekezwe mbali na majirani, na ratiba ya mazoezi iheshimu nyakati za sala.

Tunawaomba wakuu wa elimu, na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, wasiidhinishe mchoro wowote kabla ya kuwaita mezani walimu, wanamuziki, mafundi wa chokaa na wakaazi wa mtaa husika. Msanifu ajue kwanza nani atapiga nini, na mbele ya nani. Ukumbi ukijengwa kwa ajili ya picha za wageni, watoto wetu watakuwa wapangaji ndani ya skuli yao. Ukijengwa kwa ajili yao, mgeni naye atakaribishwa, atakaa kitako na kusikiliza.

Wahenga walisema: haraka haraka haina baraka. Mji uliojengwa kwa subira hauongezewi jengo kwa pupa.