Nunua 205 fundi wake angali kazini

Ukienda kuangalia Peugeot 205 inayouzwa, usianze na bonneti. Zunguka nyuma, rudi hatua chache, uchuchumae, uyatazame magurudumu mawili ya nyuma. Yakiwa yamesimama wima, endelea na mazungumzo. Yakiwa yameinama, juu yameingia ndani na chini yametoka nje, ujue beringi za nyuma zimekwisha na bei uliyotajiwa haijahesabu kazi hiyo. Hayo nilifundishwa na fundi mmoja wa Nairobi aliyeshika magari ya Kifaransa tangu ujana wake. Ndiye aliyenisindikiza nilipoamua, mtu mzima mwenye watoto na mkopo wa nyumba, kutafuta gari nililolitamani nikiwa shule ya msingi.

Waliokulia Kenya miaka ya 1980 hawahitaji kuelezwa Pijo ilikuwa nini. 404 na 504 zilikuwa magari ya walimu wakuu, madaktari na wafanyabiashara wenye jina. 504 ya bodi ndefu, yenye safu tatu za viti, ilibeba abiria kutoka Nairobi hadi Nakuru na Kisumu, mizigo imefungwa juu kwa kamba, na jioni ikarudi na wengine. Lilikuwa gari la kuheshimiwa. 205 iliingia kati ya wakubwa hao ikiwa fupi, mgongo umekatwa ghafla, mlango wa nyuma unainuka pamoja na kioo chake. Mwalimu mkuu wetu pale Nakuru alikuwa nayo, ya bluu iliyoiva, milango mitano. Siku za mvua aliwabeba watoto waliokaa upande wake wa mji, nami nilikuwa mmoja wao. Katika 504 ya baba nilichokiona safari nzima ni mgongo wa kiti cha mbele. Katika 205 madirisha yalishuka chini hata mtoto akaiona barabara, mitaro, miguu ya watu. Nadhani hapo ndipo tamaa ilipoanzia, na si aibu mtu mzima kuifuata tamaa ya namna hiyo ikiwa ana uwezo na anajua anachonunua.

Gari hilo dogo ndilo lililoiokoa kampuni iliyoliunda. Peugeot ilikuwa imeichukua Citroën mwaka 1976, ikainunua na Chrysler ya Ulaya mwaka 1978, na ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa inahema kwa hasara. 205 ikatoka Februari 1983. Wengi huwapa sifa Waitaliano wa Pininfarina, lakini wao walishughulikia ile ya paa la turubai. Umbo lenyewe lilichorwa nyumbani, chini ya mkono wa Gérard Welter. Huyu Welter ni mtu wa kukumbukwa. Nje ya saa za kazi yeye na rafiki yake Michel Meunier walikuwa wakiunda magari ya mbio za Le Mans, na mwaka 1988 moja lao lilipimwa likikimbia kilomita 405 kwa saa. Mkono uliochora gari la mbio la kasi hiyo ndio uliochora gari la kupelekea mboga nyumbani. Hadi utengenezaji ulipokoma mwaka 1998, 205 zaidi ya milioni 5.2 zilikuwa zimeundwa.

Kwetu Afrika Mashariki jina la Peugeot lilijengwa na Safari Rally kuliko tangazo lolote. Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda na 404 mwaka 1963, mwaka ambao magari saba tu ndiyo yaliyomaliza. Bert Shankland wa Tanzania, akiwa na Chris Rothwell, akaichukua 1966 na 1967. Nowicki na Cliff wakarudi 1968, na mara hiyo tena yaliyofika mwisho yalikuwa saba. 504 ikashinda 1975 mikononi mwa Ove Andersson, na 1978 mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas. Kwa hiyo 205 ya mashindano ilipokuja, ile Turbo 16, watu walitarajia makubwa. Duniani iliyatimiza: Timo Salonen akawa bingwa mwaka 1985, Juha Kankkunen mwaka 1986, kisha ikashinda Paris-Dakar 1987 na 1988. Safari iliikataa. Ilishindana hapa 1985 na 1986, na miaka yote miwili Toyota Celica ndiyo iliyoshinda. Na ile haikuwa 205 ya mwalimu mkuu hata kidogo. Injini ilikuwa nyuma ya dereva, nguvu zikienda kwenye magurudumu yote manne, na za barabarani ziliundwa 200 tu ili kanuni za mashindano zitimizwe. Zilifanana sura, basi.

Nasema haya kwa sababu mtu mzima anayerudia ndoto ya utotoni huweza kuvutwa na sifa za mbio akaanza kuisaka 205 GTI, ile ya kasi. Nguvufarasi 130 za ile ya 1.9 zina utamu wake, lakini ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona, mkia wa gari huenda unakotaka wenyewe. Ulaya bei zake zimepaa. Ushauri wangu ni kutafuta ile ya kawaida, milango mitano, injini ya 1.1 au 1.4, iliyoendeshwa na mtu mmoja kwenda kazini na kanisani.

Hapa Kenya huwezi kuagiza kama watu wanavyoagiza gari la mtumba kutoka Japani, maana sheria haikubali gari la kawaida lililozidi miaka 8. Zilizopo ni zile zilizouzwa zikiwa mpya na kubaki nchini. Yadi za magari hazinazo. Zipo katika maboma ya wastaafu, chini ya mti au kwenye banda la kuku lililogeuzwa gereji, na habari zake hupita kwa midomo ya mafundi. Yangu niliipata Limuru kwa njia hiyo. Mwenyewe ni muuguzi mstaafu, aliinunua ikiwa mpya, namba inaanza na KAA, rangi nyeupe iliyokuwa imeanza kufifia juu ya paa.

“Mama, mbona unaiuza sasa?” nilimuuliza.

“Magoti, mwanangu. Klachi imenishinda. Watoto wanataka waje wale wa chuma chakavu waibebe, nami nimewakatalia.”

Akaingia ndani, akatoka na daftari la shule. Kila mara oili ilipobadilishwa aliandika tarehe, kilomita na jina la fundi, kwa wino wa bluu, mwandiko wa mtu aliyezoea kujaza chati za wagonjwa. Plagi, breki, mpira wa wiper, vyote vimo. Fundi wangu alilifungua lile daftari akasimama nalo kwa muda mrefu kuliko alivyosimama na injini.

Injini za petroli za 205 za kawaida ni za aina mbili, na mnunuzi azijue. Za mwanzo zimelazwa nyuma karibu zilale kabisa, na giaboksi iko chini yake, vinakunywa oili moja. Aliyechelewesha kubadilisha oili ameziumiza injini na gia kwa pamoja. Utasikia gia zikilia mluzi hata gari likiwa mwendo wa pole. Kuanzia mwaka 1988 hivi zikaja zile zinazoitwa TU, giaboksi ikakaa ubavuni kama magari mengine. Hizi ndizo ninazozipendekeza, kwa sababu injini za familia hiyo ziliendelea kuwekwa kwenye Peugeot na Citroën nyingi hadi miaka ya 2000, na spea zake bado zinapatikana. Ila hazitumii cheni. Zina mkanda wa taiming, na mkanda ambao hakuna ajuaye ulibadilishwa lini ubadilishwe kabla gari halijafika nyumbani. Udhaifu wake mwingine ni gasketi ya silinda hedi. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa baridi, utazame upande wa ndani. Ukikuta povu zito la rangi ya maziwa, maji yameingia kwenye oili.

Kutu inataka subira. Inua zulia la buti. Pale pana bolti; ukiilegeza, tairi la akiba linashuka chini ya gari ndani ya kapu la chuma, na kapu hilo hula matope ya miaka yote. Pitisha mkono kwenye kuta za buti, pembeni mwa taa, chini ya milango. Ya Limuru ilikuwa imeanza kuliwa kwenye ukingo wa mlango mmoja tu.

Magurudumu ya nyuma, sasa. Wafaransa hawakutaka springi ndefu zinazosimama na kuiba nafasi ya mizigo, kwa hiyo walilaza kila kitu chini ya sakafu. Kuna bomba la chuma linalokingama kutoka upande mmoja hadi mwingine, kando yake vyuma vinavyojisokota badala ya springi, na kila gurudumu limeshikwa na mkono unaozunguka juu ya beringi za sindano. Buti likawa pana na tambarare, la kushangaza kwa gari la mita 3.70. Lakini maji yakipita kwenye sili, grisi inaondoka, sindano zinashika kutu na kuanza kukitafuna chuma zinachokizunguka. Tatizo likigunduliwa mapema unanunua beringi na sili. Likiachwa, unanunua vyuma vizima, na kuvipata ni kazi. Fundi aliniita nichuchumae kando yake, akashika juu ya gurudumu la kushoto kwa mikono miwili, akalivuta kuelekea kwake na kulisukuma. Likacheza kidogo. “Hili lina miezi,” akasema. “Si miaka.” Tukashusha bei kwa heshima, na Mama akakubali.

Kuliendesha ni raha ambayo magari ya sasa yamesahau. Gari zima halifikii kilo 900. Hakuna pampu inayokusaidia kukata usukani, na likiwa limesimama mabega yanafanya kazi, ila likishaanza kutembea usukani unakueleza kila kokoto. Nguzo za madirisha ni nyembamba. Ukikaa unaziona pembe zote nne. Peugeot 208 ya leo, mjukuu wake, ina urefu wa zaidi ya mita 4, na dereva wake anategemea kamera kuegesha mahali ambapo 205 inaingia kwa macho. Hata hivyo nisimdanganye mtu: hakuna mifuko ya hewa, breki ni za mguu wako na akili yako, na milango ni myembamba. Sibebi watoto wangu ndani yake usiku kwenye barabara kuu ya Nakuru kati ya malori. Ni gari la mjini, la Jumapili, la kwenda Limuru kumsalimia Mama.

Kinachonisukuma kuandika haya hasa ni mafundi. Wanaozijua gari hizi kwa mikono wamezeeka pamoja nazo. Fundi wangu hukaza skrubu ya kabureta kwa robo ya mzunguko, anasikiliza, anarudisha kidogo, anasikiliza tena mpaka injini itulie, na hakuna kifaa chochote kilichochomekwa popote. Vijana wa gereji jirani ni hodari, wanazijua Toyota na kompyuta zake, wanasoma makosa kwenye skrini kwa dakika moja. Lakini 205 ya kabureta haina mahali pa kuchomeka kompyuta. Ujuzi wake uko masikioni na vidoleni mwa wazee wachache wa Kirinyaga Road na Industrial Area, na hakuna kitabu cha Kiswahili ulimoandikwa. Spea si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani. Ufaransa kuna L'Aventure Peugeot Citroën DS, taasisi yenye makumbusho kule Sochaux, inayouza vipuri vilivyotengenezwa upya kwa ajili ya magari ya zamani. Beringi inaweza kutumwa kwa posta. Sikio la fundi haliwezi.

Ndiyo maana nasema anayeitamani 205 asingoje astaafu. Kila gari linaloletwa gereji ni sababu ya mzee kumwita kijana aje aone. Mimi sharti langu pekee kwa fundi lilikuwa kwamba kazi ya nyuma isifanywe na yeye peke yake. Mwanafunzi wake aishike, akosee akiwa anaangaliwa, alipwe. Beringi zimeshafika. Bomba lilipofunguliwa upande wa kushoto, sindano zilitoka zimekuwa vumbi jekundu, ila chuma cha ndani kilikuwa bado kinang'aa, na kijana alikipitishia kidole mara mbili kabla ya kukubali kwamba kinafaa.

Na wewe uliye na 205 iliyolala shambani, ya baba au ya shangazi, wale wa chuma chakavu wakija na mizani yao uwaambie wangoje. Hata isiyoweza kuwaka tena ina milango, vioo, taa, kapu la tairi la akiba, kabureta na pengine bomba la nyuma lenye uzima. Muulize fundi yeyote wa Pijo aliye karibu nawe. Akishaiona ndipo uamue.