Kazi ya mbali, na mwili wako uko wapi?

Ujumbe ulifika usiku, kuranti ikiwa imekatika tangu saa kumi na simu yangu ikikaribia kuzima. Ulitoka kwa kijana aliyekulia hapa Kamina, Kongo, ambaye sasa anasoma informatiki katika mji mmoja wa kaskazini mwa Ufaransa. "Yaya, kuna mzee wa Lubumbashi anauza vipuri vya magari. Anataka nimtengenezee tovuti na programu ya stoo. Makuta atayatuma kwenye M-Pesa ya mama hapo Kamina, mimi sitashika hata moja. Kuko ubaya?"

Swali hili hunijia kwa sura nyingi. Linatoka kwa watoto wetu walio Liège, Montréal, Johannesburg na Kampala, na vilevile kwa wale ambao hawajawahi kuvuka mto Lualaba lakini wanatafuta mteja wa ng'ambo. Wengi wanaamini kwamba kazi inayofanywa kwa intaneti haina mahali. Mimi naishi kwa kazi hiyo, na naweza kusema ina mahali patatu: unapokaa wewe, anapokaa mteja, na yanapotua makuta. Pa kwanza ndipo pazito kuliko pengine pote, na ndipo watu wanapopasahau.

Sheria ya uhamiaji haijali sana mteja ni wa wapi. Inatazama mwili ulikuwa wapi wakati vidole vinabonyeza. Kijana wetu yuko Ufaransa kwa kibali cha mwanafunzi. Kibali hicho kinamruhusu kuajiriwa saa 964 kwa mwaka, yaani asilimia 60 ya muda wa kazi uliowekwa na sheria ya huko. Neno ni kuajiriwa. Kujitegemea, kutafuta wateja na kuwaandikia faktire kwa jina lako ni jambo jingine, na kibali cha mwanafunzi hakilibebi. Hata mama akipokea makuta hapa mtaani, kazi imefanyika Ufaransa. Siku kijana atakapotaka kubadilisha kibali chake, ataulizwa aliishije, na hatakuwa na jibu safi.

Nchi nyingine zina vipimo vyake. Uingereza humpa mwanafunzi wa digrii saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na inamkataza kabisa kujiajiri. Ubelgiji nayo ina saa 20 kwa wiki kwa wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya, na anayetaka kujitegemea lazima awe na kadi wanayoiita carte professionnelle. Marekani ni kali zaidi: mwenye viza ya F-1 anaweza kupata kazi ndani ya chuo, lakini nje ya chuo hagusi kitu bila ruhusa ya maandishi. Kanada, tangu Novemba 2024, inatoa saa 24 kwa wiki nje ya chuo, na tena haihesabu saa unazomfanyia kwa intaneti mwajiri aliye nje ya Kanada. Uganda iko upande mwingine: sheria yake ya wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi aliyetambuliwa haki ya kufanya kazi, na ndugu zetu wa Kampala na wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale wanaitumia haki hiyo kila siku. Kanuni hizi hubadilika, kwa hiyo ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chako iulize kwa barua pepe, na jibu lake ulihifadhi. Jibu la mdomo halina mtu wa kulitetea baadaye.

Sasa tuseme karatasi zako ziko sawa, au uko hapa Kamina na hakuna wa kukuuliza kibali. Kazi yenyewe inapatikana wapi?

Vijana wengi hukimbilia majukwaa makubwa ya mtandaoni, Upwork na mengine ya aina yake. Si vibaya kufungua akaunti. Lakini huko mtu wa Kamina anasimama foleni moja na watu wa Karachi, Manila na Lagos, anaandika Kiingereza alichojifunza kwenye video, anatoa makuta ili maombi yake yasomwe, na akipata kazi jukwaa linakata sehemu yake. Asiye na kazi ya kuonyesha atapunguza bei mpaka isilipe hata mega za intaneti.

Kuna pia vibarua vya kuweka alama kwenye picha na maandishi ili mashine zifundishwe. Nairobi imekuwa na kazi hiyo kwa miaka mingi na inatufundisha mengi. Januari 2023 jarida la Time lilieleza kwamba Wakenya waliochuja maandishi machafu kwa ajili ya ChatGPT walikuwa wakipata chini ya dola 2 kwa saa. Machi 2024 jukwaa la vibarua hivyo liitwalo Remotasks liliacha kufanya kazi Kenya, na watu waliolitegemea kwa chakula na kodi ya nyumba wakajikuta mlango umefungwa. Kazi ambayo mtu anaweza kuizima kwa barua pepe moja, bila kukujua jina, mimi simshauri mtoto wa mtu aiwekee maisha yake. Ifanye ukiwa na shida, huku ukijifunza kitu kingine.

Hata ngazi ya juu ina ukali wake. Andela ilianza Lagos mwaka 2014 kwa wazo zuri: kuwafundisha vijana programu na kuwapa makampuni ya Marekani. Ikaingia Nairobi, Kampala na Kigali. Septemba 2019 ikawaachisha au kuwaweka hatarini watengenezaji wachanga wapatao 400 wa Nigeria, Uganda na Kenya, kwa sababu wateja walikuwa wanataka wenye uzoefu. Soko la mbali halina subira ya kumlea mtu. Uzoefu inabidi uupate karibu na nyumbani, kisha uupeleke mbali.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu karibu na nyumbani kuna mali ambayo vijana wetu hawaioni.

Mali ya kwanza ni Kifaransa. Kampuni ndogo ya Namur au ya Lyon inayotafuta mtu wa kutunza programu zake kwa saa kumi kwa wiki hailipendi sana soko lile la Kiingereza. Inataka mtu atakayesoma malalamiko ya mteja wake na kuyaelewa. Mali ya pili ni saa. Kamina na Lubumbashi zina saa ileile, na wakati wa kiangazi cha Ulaya saa yetu ni ileile ya Brussels na Paris pia. Majira ya baridi tunawatangulia kwa saa moja tu. Wanapofungua ofisi na sisi tumeshaamka, na mtu wa Manila hana faida hiyo.

Mali ya tatu ni programu zinazotumika hapa hapa kwetu. Takwimu za afya za Kongo, kutoka maeneo ya afya 519, hukusanywa kwa programu ya DHIS2 inayotengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Mashirika ya misaada yanauliza watu maswali vijijini kwa KoboToolbox na ODK. Hizi ni programu huria: mtu yeyote anaweza kuzipakua, kuzichungulia ndani, kuzirekebisha. Kijana aliyekaa na muuguzi wa eneo la afya, akaona fomu ilipokwama na mtandao ulipokatika, anajua jambo ambalo mhandisi wa Ulaya hawezi kulikisia. Ujuzi huo unauzwa Dakar, Geneva na Antananarivo. Afrika Mashariki imeshaonyesha njia: OpenMRS, programu ya kumbukumbu za wagonjwa, ilizaliwa kutokana na mahitaji ya Eldoret nchini Kenya miaka ya 2000, na leo inatumika nchi nyingi.

Kwa anayependa biashara kuliko afya, ningemwonyesha Odoo. Fabien Pinckaers aliianzisha Ubelgiji mwaka 2005. Inashughulikia stoo, mauzo na hesabu, na toleo lake moja ni huria. Inauzwa na kutunzwa na makampuni madogo mengi, mengi yao ya wanaozungumza Kifaransa, na hayo ndiyo yanayokodi watu kwa mkataba kazi inapowazidi. Mzee yule wa vipuri wa Lubumbashi, ukimfungia Odoo ikafanya kazi mwaka mzima, amekupa cheti ambacho chuo hakitoi.

Basi mteja wa mbali hupatikana hivi: unarekebisha kosa dogo katika programu huria na jina lako linabaki pale, unajibu swali la mgeni kwa uangalifu, mtu uliyefanya naye kazi anahamia ofisi nyingine na anakukumbuka. Wateja wangu watatu wa sasa wote waliletwa na mtu aliyenijua kwa kazi. Njia hii ni ya polepole. Mwaka wa kwanza inachosha moyo, na sitaki kumdanganya msomaji.

Mkataba. Hapa nimeumia mwenyewe. Zamani nilimfanyia mteja wa ng'ambo kazi ya miezi mitatu kwa makubaliano ya simu. Mwezi wa nne akaacha kujibu. Sikuwa na karatasi, sikuwa nimepokea cha mbele, na nywila zote za seva nilikuwa nimeshamkabidhi. Nyumbani walijua nafanya kazi usiku na mchana, hawakuelewa kwa nini sukari imeisha. Tangu siku hiyo siandiki mstari mmoja wa programu bila ukurasa mmoja wenye mambo haya: kazi ni ipi na inaishia wapi, saa ngapi kwa wiki, bei kwa sarafu gani, theluthi inalipwa kabla ya kuanza, programu inakuwa mali ya mteja pale anapomaliza kulipa, na kila upande unatoa taarifa ya siku ngapi kabla ya kuachana. Mteja mwema hachukii ukurasa huo. Anayeuchukia amekuokoa mapema.

Upande wa sheria yetu, Kongo imo ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zinazotumia sheria moja ya biashara, tangu Septemba 2012, na sheria ya biashara ya OHADA ina hadhi iitwayo entreprenant kwa mtu anayefanya kazi ndogo peke yake. Unatoa tamko kwenye daftari la biashara, bila ada, unapewa namba, na namba hiyo unaiandika kwenye faktire zako. Mhasibu wa Ulaya akiona faktire yenye namba, hofu yake inapungua. Kodi unailipa unapoishi, kwa hiyo aliye Ufaransa asidhani namba ya Kamina itamfunika.

Makuta yenyewe yana safari yake, na watu wa mji wa reli wanaweza kuielewa vizuri. Shaba ya Katanga ilipotumwa kwa njia ya ndani ya nchi, ilipita hapa Kamina kwa treni mpaka Ilebo, ikashushwa na kupakiwa kwenye meli ya mtoni, ikashushwa tena Kinshasa na kupanda treni ya Matadi. Kila iliposhushwa, kulikuwa na mkono wa kulipwa. Dola ya mteja wako inasafiri hivyo: benki yake, benki ya kati, benki ya Kinshasa, ndipo akaunti yako. Kila moja inakata. Euro 300 zilizotumwa hazifiki 300, kwa hiyo andika kwenye mkataba nani anabeba gharama hiyo, na afadhali upokee mara moja kwa miezi miwili kuliko kidogo kidogo kila wiki. Juu ya hayo, tangu Oktoba 2022 Kongo iko kwenye orodha ya kijivu ya FATF, kundi la mataifa linalopambana na fedha haramu, na benki za nje huyatazama majina yetu mara mbili. Mkataba na faktire vinajibu maswali yao kabla hayajaulizwa.

Kabla ya kukubali kazi, hakikisha kwamba njia ya malipo anayoitaka mteja inapokea watu wa Kongo. Usikope akaunti ya binamu aliye Nairobi. Siku akaunti itakapofungiwa, jina lililomo si lako, na huna wa kumdai.

Kuhusu kuranti na mtandao nitasema machache, maana kila mtu wa Kamina anayajua. Laini kubwa ya umeme kutoka bwawa la Inga mpaka Kolwezi, ya kilomita 1,700 hivi, ilijengwa kwa ajili ya migodi, si kwa ajili ya taa za walio njiani. Nina pano mbili za jua na betri, nina laini za simu za kampuni mbili, na kazi naihifadhi kwa namna ambayo naweza kuendelea bila intaneti nusu siku. Starlink, iliyopigwa marufuku nchini Machi 2024, ilipata leseni Mei 2025, na kwa wanaoweza kuchanga watatu au wanne kwa kifaa kimoja ni nafuu ya kweli. La muhimu ni kumwambia mteja tangu mwanzo: kuranti ikikatika, nitakutumia ujumbe ndani ya saa moja. Kisha utume.

Kijana wa Ufaransa nilimjibu usiku uleule, kabla simu haijazima. Nilimwambia kazi ya mzee ampe mdogo wake, aliyemaliza masomo hapa na anakaa bila kazi, na mkataba uwe wa mdogo, makuta yawe ya mdogo. Yeye atafute huko aliko mwajiri wa saa chache ndani ya zile 964. Hakufurahi, alikuwa ameshapanga matumizi. Wiki tatu baadaye mdogo alikuja kwangu na karatasi aliyoichapisha mjini, akitaka nimwonyeshe mahali pa kuandika tarehe. Juu kulia alikuwa ameandika kwa mkono: Faktire namba 001.