Mbwa mwoga si mbwa mkaidi

TUSEME umemtembelea shangazi yako huko Kipini, pale Mto Tana unapoingia Bahari ya Hindi katika Ghuba ya Ungwana. Siku ya pili watoto wanakuja mbio. Nyuma ya banda la kuku kuna mbwa. Amekonda, mkia ameubana katikati ya miguu, na akisikia pikipiki hujificha chini ya mashua kuukuu. Hakuna ajuaye mwenyewe ni nani.

Si jambo la ajabu katika sehemu hizo. Mwishoni mwa 2023, na tena Aprili na Mei 2024, mafuriko yaliwahamisha maelfu ya watu katika Kaunti ya Tana River. Mtu akimbiaye maji akiwa na watoto na godoro kichwani, aghalabu mbwa wake hubaki nyuma.

Shangazi anamwonea huruma. Isitoshe, nyani na ngiri wanamsumbua shambani na anahitaji mlinzi. Basi mbwa anafungwa kwa kamba fupi chini ya muembe, na watoto wa mtaa mzima wanakuja kumtazama. Mmoja ananyoosha mkono ampapase kichwani, na mara anang'atwa. Vijana wanaokota mawe, wakisema mbwa huyo hana shukrani.

Je, msomaji, kosa hapo ni la nani?

Hofu ina meno
Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mbwa aliyepigwa, aliyefukuzwa au aliyeachwa hajui kwamba wewe ni mtu mwema. Kwake yeye, mkono ulioinuliwa ni fimbo.

Mnyama mwenye hofu hukimbia, huganda mahali pamoja, au hung'ata. Ukimfunga kamba fupi na kumzunguka, umemwondolea njia ya kukimbia.

Kabla ya kung'ata, mbwa kwa kawaida huonya. Masikio huyalaza nyuma, hujilamba midomo ilhali hakuna chakula, hupiga miayo bila usingizi, hugeuza uso huku weupe wa macho ukionekana, kisha huunguruma. Usimpige kwa sababu ya kuunguruma. Ukimfunza kunyamaza, siku nyingine atang'ata bila kukuonya.

Kwanza daktari
Kabla ya mapenzi, usalama. Mbwa usiyemjua asishikwe na mtoto, wala wewe usimkamate kwa mikono mitupu. Mwekee maji na chakula kwa mbali, kisha uwasiliane na ofisi ya mifugo iliyo karibu ili apimwe na kuchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Mbwa anayetokwa na mate mengi, anayeyumbayumba, au anayeshambulia kila kitu bila sababu, usimkaribie kabisa.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na kwamba kati ya kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Kenya ilijiwekea mwaka 2014 mpango wa kukomesha vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030.

Mtu aking'atwa, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Msingoje kuona mbwa atakuwaje. Dalili zikishaanza kwa binadamu, ni nadra sana mtu kupona.

Mgeni siku tatu
Sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa mbwa mwoga, siku ya tatu usimpe jembe! Wanaowatunza mbwa waliookolewa wana kipimo chepesi cha kukumbuka: siku tatu za kutulia, wiki tatu za kuzoea mambo ya nyumbani, na miezi mitatu ya kujiona yuko kwao. Wengine huchukua muda zaidi.

Siku za mwanzo mpe pembe moja tulivu ya ua uliozungushwa ua la makuti au seng'enge, mbali na njia ya watu. Mtengenezee kibanda chenye kivuli na mlango mmoja, au hata kasha kubwa lililolazwa ubavu. Pawe pake peke yake. Akiingia humo, asifuatwe na mtu yeyote.

Mlishe saa zile zile kila siku, na awe mtu mmoja anayemlisha. Ugali na samaki aliyetolewa miiba utamfaa kwa kuanzia. Mifupa iliyopikwa usimpe, kwani huvunjika vipande vikali vya kumtoboa tumbo. Vitunguu na chokoleti pia ni sumu kwake.

Mkono mtupu haulambwi
Sasa keti chini, mpe ubavu, usimkazie macho. Mrushie kipande cha samaki kisha utazame kando. Kesho kiangukie karibu nawe kidogo. Siku atakapokuja mwenyewe kunusa vidole vyako, msifu kwa sauti ya chini na umguse kifuani au shingoni, si utosini. Acha baada ya kitambo kidogo. Akikukaribia tena, amekupa ruhusa.

Sauti nazo zina zamu yake. Pikipiki, injini ya mashua, ngurumo za masika: azisikie kwa mbali huku akila, kisha karibu kidogo. Akitetemeka, umesogea haraka mno. Rudi nyuma hatua moja.

Watoto wafunzwe sheria tatu: mbwa anayekula asisumbuliwe, anayelala asiguswe, na anayeondoka asifuatwe.

Na nyumba ya Mwislamu?
Kipini kuna Waislamu wengi, nao watauliza. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa pwani, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini kumfuga kwa ulinzi, mifugo au uwindaji kumeruhusiwa. Basi awe na sahani yake na kibanda chake nje, na nyumba ibaki tohara. Hadithi ya Mtume kuhusu mtu aliyeteremka kisimani na kujaza maji katika kiatu ili amnyweshe mbwa mwenye kiu, naye akasamehewa dhambi zake, inajulikana madrasani.

Hata sheria ya serikali imo: Sura ya 360 ya sheria za Kenya inakataza kuwatesa wanyama. Huko Nairobi, chama cha KSPCA, chenye asili yake mwaka 1910, huwahifadhi mbwa waliotupwa na kuwatafutia makao.

Sasa turudi kwa shangazi. Kosa halikuwa la mtoto, wala la mbwa. Lilikuwa la sisi wakubwa, tuliofunga kamba fupi tukadai mapenzi siku ya kwanza. Ukiwa Kipini, Kisauni au Kayole, mpe mbwa wako pembe yake, chanjo yake na muda wake. Subira huvuta heri, na siku moja jioni utasikia pumzi ya joto nyuma ya goti lako. Usigeuke kwa haraka.