Faiawoli Haikufutwa, Hukuihifadhi

Swali limenifika tena: "Mbona Linux inafuta faiawoli yangu kila umeme ukikatika?" Haifuti. Hukuihifadhi. Amri ya iptables huweka kanuni kwenye kumbukumbu ya keneli, si kwenye diski. Seva ikizimika, zimekwenda. Hiyo si hitilafu, na kusakinisha Linux upya hakuitibu.

Kinachonikera ni dawa inayogawiwa kila kona: "Bandika amri zako kwenye rc.local." Ushauri huo ni wa enzi za kabla ya systemd. Debian na Ubuntu za leo haziji hata na faili hilo. Ukiliunda ukasahau kulipa ruhusa ya kutekelezwa, systemd hulipita kimya. Ukilipa ruhusa hiyo, huendeshwa baada ya mtandao kuwaka, na katika upenyo huo mashine iko hewani bila mlinzi. Tena likianza na mstari `#!/bin/sh -e`, kama wengi wanavyolinakili, amri moja ikikosea zote zilizo chini yake haziguswi. Nimewahi kukuta seva ya ofisi iliyokaa wazi namna hiyo: herufi moja ilikosewa katika amri ya tatu, na amri ya kufunga milango ilikuwa ya mwisho. Mwenyewe aliapa kwamba faiawoli ipo kwa kuwa aliiona kwenye faili. Kilichoandikwa kwenye faili hakizuii pakiti hata moja! Kinachozuia ni kile keneli ilichokipokea.

Basi fanya hivi. Kwenye Debian na Ubuntu, sakinisha iptables-persistent, kisha `netfilter-persistent save`; kanuni hupakiwa kabla ya mtandao kuwaka, za IPv6 pia. Wa nftables, ziandike kwenye /etc/nftables.conf, juu kabisa `flush ruleset`, halafu `systemctl enable nftables`. Wa firewalld, `firewall-cmd --runtime-to-permanent`. Wa ufw, `ufw enable` imetosha. Proksi nayo hupotea vivyo hivyo: uliyoiweka kwa `export http_proxy` hufa dirisha la terminali likifungwa: iandike kwenye /etc/environment, ya apt kwenye /etc/apt/apt.conf.d/, na ya huduma za systemd kwa `systemctl edit`, maana hizo hazisomi /etc/environment. Kama seva ya proksi ya Squid ni yako, `systemctl enable squid`.

Na kabla hujaniandikia tena, iwashe upya seva mwenyewe, mchana, ukiwa umekaa mbele yake. Kisha andika `iptables -S`, au `nft list ruleset`, usome kinachotoka.