Istilahi za Taa za Kuongozea Magari: Suala la Taa ya Njano

Tangu ilipopitishwa Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, Na. 1 ya mwaka 2021, Kiswahili kimekuwa ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama katika Tanzania, isipokuwa pale ambapo maslahi ya haki yanadai lugha nyingine. Hili ni jambo la kujivunia. Lakini heshima hiyo imetuongezea mzigo. Zamani neno lililofasiriwa vibaya liliweza kusahihishwa na maandishi ya Kiingereza yaliyokuwa nyuma yake. Sasa neno la Kiswahili ndilo linalotegemewa, na mtu aweza kutozwa faini au kuachiliwa kwa sababu yake.

Katika makala haya tunapenda kuzungumzia mfano mmoja mdogo, nao ni taa ya katikati katika zile taa tatu zinazoongoza magari penye makutano ya barabara. Mwalimu wa shule katika Kata ya Nyanga, Manispaa ya Bukoba, aweza kuuliza kwamba jambo hili lamhusu nini. Lamhusu, kwa sababu wanafunzi wake ndio madereva wa kesho. Wapo watakaosafirisha ndizi na kahawa kutoka Muleba hadi Dar es Salaam. Wapo watakaovuka Mutukula kuingia Uganda, au Rusumo kuingia Rwanda, ambako magari hupita upande wa kulia. Kote huko watazikuta taa zile zile, na sheria ya taa hizo itawahukumu kwa maneno.

Jina la taa zenyewe

Tuanze na jina. Watu wengi husema "taa za barabarani". Jina hili lina kasoro, maana taa zinazomulika njia usiku nazo ni taa za barabarani. Hati ikisema kwamba gari liligonga "taa ya barabarani", msomaji hajui kama ni nguzo ya kumulikia au ya kuongozea. Mjini Dar es Salaam watu wameunda neno lao, "mataa", na wanapolitumia hukusudia hasa mahali, yaani makutano yenye taa hizo: "nishushe kwenye mataa". Ni neno hai na zuri kwa mazungumzo, lakini katika sheria lingechanganya taa na mahali zilipo. Kwa maandishi rasmi tunapendekeza "taa za kuongozea magari", jina linaloeleza kazi ya kitu chenyewe.

Jina la rangi

Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya asili vya rangi vinavyopatana na nomino: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine zote tumezipa majina ya vitu. Kijani chatokana na jani, kahawia na kahawa, zambarau na tunda lake, na manjano ni ile binzari ya kupikia. Hali hii si ya Kiswahili peke yake. Jirani zetu Waganda huiita rangi ya njano "kyenvu", neno la ukoo mmoja na "menvu", yaani ndizi mbivu. Mtu wa Bukoba, ambaye naye ameishi migombani, hahitaji kufafanuliwa sababu yake.

Kwa hiyo katika taa zetu tatu, nyekundu ina kivumishi cha asili, na mbili zilizobaki zina majina ya kuazima kutoka kwenye vitu. Ugumu waja mfasiri anapokuta kwamba sheria za Kiingereza cha Uingereza haziiiti taa ya katikati kwa jina la kawaida la njano. Zinaiita kwa jina la ule utomvu wa miti uliogeuka jiwe, unaotumiwa kutengenezea shanga. Mfasiri mwenye kamusi mkononi ataona kwamba Kiswahili kinalo jina la kitu hicho, nalo ni "kaharabu". Mwingine, kwa kufuata sauti, ataandika "ambari". Wote wawili watakosea, ingawa si kwa namna moja.

Ambari ni kitu kingine kabisa: ni ile nta yenye harufu nzuri itokayo kwa nyangumi, ambayo watu wa pwani wameijua kwa biashara ya manukato. Ni kweli kwamba neno la Kiingereza lilitoka katika Kiarabu, na kwamba hapo mwanzo lilikuwa na maana hiyo ya manukato; lakini maana yake ilihama, na ya kwetu ilibaki. Mwenye kuandika "taa ya ambari" amefuata nasaba ya neno akapoteza maana yake. Ama "taa ya kaharabu" ni tafsiri sahihi ya neno, lakini dereva hajaisikia hata siku moja. Sheria inayomwamuru mtu kutii kitu asichokijua kwa jina haijamtendea haki.

Wenzetu wa lugha nyingine wamekumbana na jambo hili hili. Wamarekani husema njano. Katika Ufaransa sheria yenyewe husema njano, hali watu mitaani husema rangi ya chungwa, na mazoea hayo yamefika hata Kongo. Kwa kuwa madereva wa Tanzania wamekwisha kuzoea "taa ya njano", hatuoni sababu ya kuwatafutia jina jingine. Istilahi iliyokwisha kukubaliwa na watumiaji, isiyo na utata, yafaa isanifiwe kama ilivyo.

Amri ya taa ya njano

Jina likiisha kupatikana, yabaki amri. Katika mafunzo ya udereva husemwa: nyekundu simama, njano jiandae, kijani nenda. Maneno haya ni mepesi kukariri, lakini "jiandae" linaficha mambo mawili yaliyo mbalimbali.

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu alama na ishara za barabarani unaeleza hivi. Taa ya njano ikiwaka peke yake, chombo kisipite mstari wa kusimamia, isipokuwa kama taa ilipowaka chombo kilikuwa kimekaribia mstari kiasi ambacho hakiwezi kusimamishwa kwa usalama kabla ya kuupita. Njano ikiwaka pamoja na nyekundu, maana yake ni kwamba ishara i karibu kubadilika, lakini katazo la nyekundu lingalipo. Na njano inayowaka na kuzima mfululizo huruhusu kupita kwa uangalifu wa pekee. Sheria ya Uingereza nayo hufuata kanuni hiyo hiyo juu ya njano iwakayo peke yake.

Twaona basi kwamba njano baada ya kijani ni katazo lenye ruhusa moja ndani yake. Neno "jiandae" halielezi katazo hilo wala ruhusa hiyo. Dereva mmoja huelewa kwamba ajiandae kusimama. Mwingine huelewa kwamba ajiandae kuwahi, akakanyaga mafuta. Tunapendekeza walimu wa udereva waseme: "njano, simama kama waweza kusimama bila hatari". Ni sentensi ndefu kidogo, lakini ni ya kweli.

Tupime kwa hesabu. Ndani ya maeneo ya makazi mwendo wa mwisho unaoruhusiwa nchini ni kilomita 50 kwa saa, yaani karibu mita 14 kwa sekunde. Dereva akichukua sekunde 1 kutambua na kukanyaga breki, gari limekwisha kwenda mita 14. Kisha lahitaji mita 20 hivi kusimama kwenye lami kavu. Jumla ni kama mita 35. Tuseme taa ya njano huwaka kwa sekunde 3, kama ilivyo Uingereza. Aliye mita 20 kutoka kwenye mstari hawezi kusimama bila hatari, naye ataupita mstari kabla ya nyekundu; hana kosa. Aliye mita 60 aweza kusimama, na asiposimama atafika mstarini nyekundu ikiwa imekwisha kuwaka. Huyo ana kosa. Na lami ikilowa, kama inavyolowa mara kwa mara katika miji ya kando ya Ziwa, zile mita 35 huongezeka.

Maneno yanayoamua shauri

Sasa tuchukue mfano wa kubuni. Dereva wa lori kutoka Muleba anasimamishwa na askari wa usalama barabarani baada ya kupita makutano, akaambiwa kwamba amepita taa nyekundu. Yeye asema aliingia ikiwa njano. Katika utaratibu wa Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, anayekiri kosa aweza kulipa faini bila kufikishwa mahakamani. Asiyekiri ana haki ya kupeleka neno lake mbele ya hakimu. Hapo ndipo tafsiri inapokuwa na uzito. Tutataja mambo manne.

La kwanza ni "kupita". Shahidi akisema, "alikuwa anapita wakati taa nyekundu inawaka", kauli hiyo ni kweli kwa mtu aliyeingia kwenye makutano baada ya nyekundu, na ni kweli vilevile kwa mtu aliyeupita mstari katika njano, nyekundu ikamkuta katikati. Wa kwanza amevunja sheria. Wa pili hakuivunja. Kanuni yapima kitendo cha kuupita mstari, wala haipimi kuwamo ndani ya makutano. Mfasiri na mwandishi wa shitaka wanapaswa kuandika "aliupita mstari wa kusimamia" na kutaja taa iliyokuwa ikiwaka wakati huo.

La pili ni "kwa usalama". Wafasiri wengine huliacha, wakaandika "isipokuwa kama hawezi kusimama". Kuliacha ni kubadili sheria. Karibu kila gari laweza kusimama likifungwa breki kwa nguvu zote, hata kama mzigo utamwagika na bodaboda aliye nyuma atagonga. Kanuni haimtaki dereva afanye hivyo. Usalama unaotajwa ni wake na wa wengine, na kwa hiyo "bila kuhatarisha watu" ni maelezo yanayofaa.

La tatu ni majina ya hatua za shauri. Mara nyingi "tuhuma", "shitaka", "kosa" na "hatia" hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja. Tuhuma ni dai ambalo halijathibitishwa. Shitaka ni tuhuma iliyofikishwa mahakamani. Kosa ni tendo ambalo sheria inalikataza. Hatia ni hali ya mtu baada ya kuthibitika kwamba alilitenda. Ibara ya 13(6) ya Katiba ya mwaka 1977 inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye kosa kabla ya kuthibitika. Hati anayopewa dereva barabarani ikisema "kosa lako", lugha imetangulia mahakama. Ingefaa isome "kosa unalotuhumiwa". Hali kadhalika, mwenye kusema hakutenda "anakana shitaka". Asiyeridhika na hukumu ndiye "anayekata rufani". Mtu aliye bado barabarani hakati rufani, kwa kuwa hakuna hukumu.

La nne ni kipimo cha ushahidi. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 inataka upande wa mashtaka uthibitishe shitaka la jinai pasipo shaka ya maana. Imezoeleka kuandikwa "pasipo kuacha shaka yoyote". Neno "yoyote" lapita mpaka: shaka yoyote yaweza kuwa ya kubuni tu, na hakuna binadamu awezaye kuiondoa yote. Sheria yataka iondolewe ile shaka ambayo mtu mwenye busara angeijali. Katika shauri letu, shaka ya maana ni kama hii: je, askari aliweza kuona taa na mstari kwa wakati mmoja? Lori lilikuwa umbali gani njano ilipowaka? Lilikuwa na mwendo gani? Je, barabara ilikuwa imelowa, na kulikuwa na chombo nyuma? Dereva ajuaye kuyauliza hayo kwa Kiswahili kilichonyooka amejitetea vya kutosha, naye hakimu amepata la kuamulia.

Mapendekezo

Kwa kifupi, tunaleta mbele ya wasomaji istilahi hizi zijadiliwe kabla ya kufikiriwa kusanifiwa: taa za kuongozea magari, taa ya njano, njano ya kuwaka na kuzima, mstari wa kusimamia, kuupita mstari, kosa linalotuhumiwa, kukiri na kukana shitaka, shaka ya maana.

Huenda wapo watakaosema kwamba haya ni madogo. Lakini faini ya dereva ni chakula cha watoto wake, na mtoto wa shule anayevuka barabara mbele ya lori anategemea dereva aelewe kwamba njano ni amri ya kusimama. Wote wawili wanalindwa na sentensi moja, na sentensi hiyo sasa ni ya Kiswahili. Tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa mahakama, pamoja na wale wa Bukoba na Muleba wenye majina ya rangi hizi katika Kihaya, watuletee maoni yao ili tuyazingatie katika matoleo yajayo.