JE, WAJUA? Ping iliandikwa jioni moja

Je, wajua kwamba ping, programu ambayo mafundi hukimbilia mtandao unapokatika, iliandikwa jioni moja tu? Ilikuwa Desemba 1983. Mike Muuss, wa maabara ya jeshi la Marekani huko Maryland, aliandika mistari kama 1,000.

● Ping hufanya kazi kama sonar ya nyambizi. Hutuma pakiti ndogo, husubiri mwangwi, kisha hupima muda kwa milisekunde. Waya au Wi-Fi, kwake ni mamoja.

● Muuss alisimulia kisa cha fundi aliyeunganisha ping na spika. Kompyuta ikapaza sauti kila sekunde: “Ping! Ping!” Fundi akazunguka jengo zima akitikisa viunganishi vya nyaya, kimoja baada ya kingine. Sauti ilipokatika, kiunganishi kibovu kilikuwa mkononi mwake.

● Kati ya anwani za mtandao (IP) ambazo ping huweza kuzipigia, zinazoanza na 127 zinazidi milioni 16. Zote zimetengwa ili kompyuta izungumze na nafsi yake.

Mtandao ukikugomea, pigia ping 127.0.0.1, kisha ruta, kisha anwani ya nje. Jibu linapokosekana, anza kutafuta tatizo hapo.